Shuka na Gia Uliyopandia

Kama umelelewa Port Reitz, masikio yako yalijua gia kitambo kabla mguu wako ufikie klachi. Saa nane usiku uko kwa godoro, unaskia treila inatoka Kipevu na kontena ya futi 40 mgongoni, inakata kilima kuelekea Changamwe. Inaguna, inaguna, halafu kimya cha nusu sekunde, hapo dere amekanyaga klachi, kisha inarudi na sauti ya juu zaidi kama mtu amefinywa. Mimi na binamu yangu tulikuwa tunabishana gizani. "Ameshusha tatu." "Zii, hiyo ni mbili." Hakuna aliyekuwa anajua kitu, lakini kila mtu alilala akiwa injinia.

Huku ndiko kwetu. Ndege zinashuka Moi International juu ya mabati yetu, meli ziko chini pale kwa mkono wa bahari, na katikati ni malori, matatu za Chaani na Magongo, tuktuk, boda, na mama wa mahamri ambaye sijawahi kumwona akishtuka na honi. Hata jina la mtaa ni la msee wa kupita tu: Luteni Reitz wa jeshi la majini la Uingereza, aliachiwa Mombasa aisimamie 1824, na mwaka huo huo homa ikamchukua. Yeye akaenda, jina likakataa kwenda.

Sasa, kwa maskani, ukitaka heshima ya udere unapandisha gia. Msee wa Subaru anachomoka raundabauti ya Changamwe, ya pili, ya tatu, ya nne, egzosi inapasuka kama bisi kwa sufuria, watoi wanashangilia. Poa, sina noma na yeye. Lakini kupandisha gia hata mwanafunzi wa wiki ya pili anapandisha, gari yenyewe inakuitisha. Mimi nikitaka kujua kama umeiva, nakaa kiti cha mbele kimya nakungoja kwa mteremko. Tano kwenda nne, nne kwenda tatu. Hapo ndio nacheki kama we ni dere ama ni abiria aliyeazimwa usukani.

Na sijaanza kuongea hivi juu mimi ni mkali. Nilifunzwa na nazi.

Binamu yangu alikuwa na Probox ya gia za mkono, gia tano, ile ya kazi, viti vya nyuma vimelazwa milele. Siku hiyo tumetoka Kaloleni na magunia sita ya nazi, nyuma ya gari imekaa chini kama kuku anaatamia. Ilikuwa ile wiki ambayo EPRA imetoka kutangaza bei mpya ya petroli, si unajua kila tarehe 14 nchi nzima inashika kichwa. Basi tukiwa Mazeras, barabara inaanza kuteremka kuelekea Miritini, nikajiona mjanja. Nikachomoa gia, nikaweka fri. Injini ikatulia ikawa inanong'ona tu, gari inateleza yenyewe, binamu ananiambia, "Unaona sasa? Mafuta ya bure hayo."

Sitini. Themanini. Tisini na kitu. Nikaanza kugusa breki. Nikigusa inapungua, nikiachia inakimbia tena, juu magunia sita ya nazi hayana huruma. Mara ya nne, ya tano, harufu ikaingia dirishani, kama mtu anachoma kandambili. Mara ya saba pedeli ikawa laini kama halua. Nakanyaga, inazama, gari haisemi kitu. Mbele yangu kuna foleni ya malori yamewasha taa za hatari.

Nikafanya kile mtu anafanya akiogopa: nikasunda gia ya nne kwa nguvu, nikaachia klachi pap! Gari ikaruka kama punda amepigwa. Gunia moja likapasuka, nazi zikatembea ndani ya gari, moja ikaja kukaa kwenye dashibodi ikatuangalia. Nikashusha tatu, injini ikalia kilio ambacho sijawahi kukisikia tena, lakini ikashika. Ikashika, mazee. Tukaingia kando ya barabara na hendibreki, kama hatua ishirini nyuma ya treila ya mwisho. Binamu hakuongea mpaka Changamwe.

Jioni tukapeleka mashtaka kwa Ami. Ami wetu ni dere mstaafu wa treila, amekula barabara ya Mombasa–Kampala mpaka mgongo ukamwambia basi. Siku hizi anakaa barazani na kahawa tungu, anahesabu ndege. Tulidhani atatupa pole. Akacheka kwanza, halafu akauliza, "Wewe wataka kuokoa mafuta ama wataka kuokotwa?" Tukanyamaza. "Mwanangu, breki ni ya kusimamisha gari. Ya kuishikia mteremkoni ni gia. Mlima ulioupanda na gia ya tatu, ushuke na ya tatu. Tena uiingize ungali juu, usingoje gari ishakushinda ndipo uanze kutafuta gia kama mtu atafuta ufunguo wa choo."

Hiyo ndio somo yenyewe, na madere wa treila wanaijua kama jina la mama zao: shuka na gia uliyopandia. Zile kona zingine zote ni maelezo, lakini maelezo yake ni matamu, wacha nikupeleke polepole.

Ukiachia mafuta huku gia iko ndani, injini ya petroli inafungiwa mlango wa hewa. Pistoni zinavuta, hewa hakuna, ni kama unanyonya dafu kwa mrija umeziba. Hiyo kazi ya kunyonya inakula nguvu, na nguvu inatoka kwa tairi. Ndio maana gari inazuilika. Gia ikiwa ndogo, injini inazungushwa mara nyingi zaidi kwa kila mita ya barabara, so inavuta nyuma zaidi. Tano inakushika kidogo, tatu inakushika kweli, mbili inakushika shati.

Sasa njoo kwa ile ujinga yangu ya fri. Gari zetu karibu zote ni za injekta: Probox, Vitz, Fielder, hizi zote. Ukiwa kwa mteremko, gia iko ndani, mguu umetoka kwa mafuta na resi ziko juu, kompyuta ya gari inafunga injekta kabisa. Hakuna hata tone. Tairi ndio zinaizungusha injini. Lakini ukiweka fri, injini imetengana na tairi, na ili isizime lazima ijilishe yenyewe. Inakunywa. Kidogo, sawa, lakini inakunywa. Kwa hivyo mimi pale Mazeras, na ujanja wangu wote, nilikuwa nachoma mafuta ambayo kwa gia nisingechoma, na juu yake nikachoma breki. Zile gari za zamani za kabureta hazikuwa na hii akili, na nadhani ndiko hii imani ya fri ilitoka, kwa wazee, tukairithi sisi bila kuulizwa.

Na ile pedeli ya halua? Mafuta ya breki yanapenda maji. Yakikaa yanavuta unyevu wa hewani, na Port Reitz hewa yetu unaweza kuikamua kama nguo. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya yanachemka kwa nyuzi 205. Yakishakunywa maji yanachemka kwa kama 140. Ukikanyaga breki kilomita nzima, joto linafika huko bila shida, mafuta yanatoa mapovu, na povu linabonyea. Mguu wako unabonyeza povu, kwa tairi hakufiki kitu. Fundi wa mtaa aliyatoa yale ya Probox yakiwa na rangi ya chai ya rangi. Binamu hakuwa anakumbuka mara ya mwisho kuyabadilisha. Mimi naye nikauliza kama huwa yanabadilishwa. Usicheke, kacheki yako.

Malori ya breki za upepo hayana hiyo shida ya povu, lakini yana yake. Ngoma ya breki ikipata moto inapanuka, inakimbia kutoka kwa viatu vya breki, na viatu vyenyewe vinateleza kama vimepakwa samli. Tani 40 zinashuka na wewe uko juu yake unaomba. Ndio unaona madere wazoefu wakifika juu ya mteremko mrefu wanapunguza kabisa, wanatafuta gia, ndio waanze. Na dizeli haina ule mlango wa hewa wa petroli, so injini pekee haivuti nyuma sana, ndio sababu wanaongezewa breki ya egzosi, ile inafanya lori likohoe pfff-pfff likishuka. Kuna Mmarekani mmoja, Clessie Cummins, jina lake limeandikwa kwa injini kibao za malori yanayopita hapa kwetu. Mwaka 1931 alikuwa anashuka mlima wa Cajon kule California na lori la dizeli, breki zikamwishia, na chini gari moshi linakatisha barabara. Akaponea chupuchupu. Hilo jambo likamkaa kichwani mpaka akatengeneza breki ya injini, ikaanza kuuzwa 1961. Miaka thelathini msee anawaza mteremko mmoja. Mimi Mazeras naiwaza mpaka leo, tatizo ni sijatengeneza kitu.

Hapa kwetu Kenya hii stori si ya kucheka. Kipande cha Salgaa mpaka Sachangwan, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, kimezika watu wengi sana, na moja ya sababu zilizokuwa zikitajwa kila mara ni malori kuteremka na fri ili dere abakishe mafuta kidogo ya kuuza. Mpaka ukuta ukajengwa katikati ya barabara. Tarehe 30 Juni 2023, Londiani, treila ilimshinda dere ikavamia matatu na wachuuzi waliokuwa kando, zaidi ya watu 50 wakafa jioni moja. Sisemi hiyo ilikuwa fri. Nasema tu lori lililoshindikana kwenye mteremko linafanana namna gani. Na malori mengi yanayopanda kule yalianzia safari hapa nyuma ya nyumba yetu.

Turudi kwa mkono na mguu, juu Ami hakuniacha na nadharia. Jumapili asubuhi, barabara iko wazi, akakaa kando yangu na kikombe chake cha kahawa kimejaa mpaka ukingoni. Akasema, "Shusha gia. Ikimwagika, wanunua nyingine."

Kitu cha kwanza nilikuwa nakosea ni kuachia klachi ghafla. Cheki hesabu. Tuseme uko spidi 60 kwa gia ya nne na kisahani cha resi kinasoma 2,000. Kwa spidi hiyo hiyo, ya tatu itataka kama 2,800. Ukikanyaga klachi ukatoa mguu kwa mafuta, injini inashuka mpaka elfu moja hivi. Sasa ukiachia klachi pap, unalazimisha kitu cha elfu moja kifike 2,800 kwa nukta moja. Lazima mtu aumie, na anayeumia ni klachi pleti, kisha shingo ya abiria, kisha kahawa ya Ami. Dawa yake: klachi chini, mkono unahamisha gia, na kabla uachie, mguu wa kulia unagusa mafuta kidogo tu, vuup, resi zipande zifike pale zinatakikana. Halafu unaachia klachi laini. Ukipatia, hauskii chochote. Gari inashuka sauti inapanda, lakini mwili hautikisiki. Hiyo raha siwezi kukuelezea, ni kama kufunga mlango bila mlio. Kikombe cha tatu ndio kilibaki kimejaa.

Ami akasema hiyo ni starehe, enzi yao ilikuwa lazima. Sanduku za gia za malori ya zamani hazikuwa na sinkro, zile pete za shaba ndani ambazo zinasawazisha mwendo wa meno kabla yaumane. Gari ndogo zilianza kuzipata 1928 kwa Cadillac, lakini malori yaliendelea bila miaka mingi sana, na mengine mpaka leo. Hapo unapiga klachi mara mbili: klachi, toa gia, achia, piga resi, klachi tena, ingiza. Ukikosea meno yanasaga na taniboi anakuangalia kama umetusi msikiti. Na Joginder Singh, aliyebeba Safari Rally 1965, 1974 na 1976, unadhani alikuwa anaingia kona za matope na breki peke yake? Madere wa rali huupa mguu mmoja wa kulia kazi mbili, vidole kwa breki, kisigino kwa mafuta, huku wa kushoto uko kwa klachi. Hiyo usiijaribu na kandambili. Nimejaribu.

Kosa lingine ni kuruka. Ukiwa spidi ya 100 na ukatafuta ya nne mkono ukateleza ukaangukia ya pili, hapo hakuna kompyuta itakuokoa. Ile breki ya resi inayokata mafuta inazuia wewe kukanyaga kupita kiasi, lakini haiwezi kuzuia tairi kuizungusha injini. Vali zinakutana na pistoni mahali hazikupangiwa kukutana, na hiyo bili, buda, ni ya kuuza simu na godoro. Ndio napenda sana watu waliojifunza kwa tuktuk. Gia ziko kwa mkono wa kushoto, unazungusha moja moja kwa mpangilio, huwezi kutoka nne ukadunda moja. Dere wa tuktuk akiingia kwa gari ana adabu ya ngazi. Dere wa boda pia, ile ya mguu. Usiwadharau hawa wasee kwa sababu ya madoido ya nyuma. Mkono umeiva.

Mvua ya Aprili na Mei nayo ina sheria zake. Barabara yetu ina mafuta ya malori ya miaka, mvua ya kwanza ikigusa inakuwa sabuni. Ukishusha gia kwa fujo hapo, ni kama umevuta hendibreki kwa tairi zinazosukuma gari. Probox inasukumwa na mbele, kwa hivyo unapoteza usukani. Hiace ya matatu inasukumwa na nyuma, kwa hivyo mkia ndio unataka kukupita. Mvua ikinyesha mimi nashusha mapema, nikiwa bado na spidi ya chini, na ile vuup ya mafuta sikosi.

Halafu kitu ambacho hakuna mtu aliniambia: gia haiwashi taa za breki. Unashuka kwa tatu, gari inapungua, wewe unajiskia msanii, na nyuma yako matatu imekufuata mita mbili, dere anabonga na makanga, hajaona taa yoyote. Gusa breki kidogo kama unyoya tu, taa ziwake, ajue. Ustadi wako haumfai kitu akishakuingia kwa buti.

Na nyinyi wa otomatiki msijifanye hii haiwahusu. Hata leseni siku hizi inawatenga, B1 ni yenu na B2 ni ya gia za mkono, lakini mteremko ni ule ule. Kile kitufe cha O/D kwenye lever, kama gari yako inacho, si cha mapambo. Kibonyeze ukianza kuteremka, taa ya O/D OFF iwake, gari itashuka gia moja. Ikizidi, vuta mpaka 2. L ni ya pole pole sana. Watu wamekaa na hizo herufi miaka sita hawajawahi kuzisalimia.

Siku hizi nikiwa kwa baraza na Ami, ndege ikishuka, ikigusa ardhi tu unaskia ule muungurumo mkubwa, dakika haijaisha imepoa. Nilikuwa nadhani rubani anakanyaga mafuta. Kumbe injini zimegeuzwa nguvu zielekee mbele, zisaidie breki. Ami anainua kikombe chake: "Umeona? Hata mwenye mabawa haendi fri."

Probox bado iko. Ina klachi ile ile, mafuta mapya ya breki, na ile nazi ya dashibodi tuliikuna tukapikia wali siku hiyo hiyo. Kwa hivyo wewe unayeshuka Mazeras wikendi hii na gari imejaa watu wa harusi, fanya hivi kwa niaba yangu: kabla barabara haijaanza kulala, weka tatu, toa mkono kwa lever, ukae. Na kama kuna treila nyuma yako inateremka polepole inakohoa pfff-pfff, usiipigie honi. Huyo anajua kazi yake.